Mateso na Sadaka

Tarehe 14 Agosti 1905, huko Mikukuyumbu, wakiwa safarini kutoka Kilwa kuelekea Liwale, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini, mabruda wawili na masista wawili waliuawa. Vita vya Maji Maji vilikwisha kuwaka. Wakristo wenziwe wakawaita mashahidi.

Je, kila auawaye ni shahidi? Katika imani ya Kikristo maumivu peke yake si kitu. Msalaba ulikuwa sadaka kwa kuwa Yesu, usiku ule wa Gethsemane, aliuridhia ilhali akiuogopa. Mateso humfika mtu. Sadaka huitoa mwenyewe. Askofu aliacha kwao kwa hiari, hilo halina ubishi. Lakini walioshika mikuki, yaelekea, walimwona mzungu wa serikali kabla ya kumwona mtumishi wa Mungu.

Na wale makumi ya maelfu waliokufa kwa njaa, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala? Hao hawakuulizwa. Kuwaita sadaka ya ukombozi, kama wapendavyo wasemaji wa majukwaani, ni kutoa sadaka mali ya mwenzio. Mkristo aweza kusema Kristo aliona njaa pamoja nao. Hilo ni neno jingine, wala haliihalalishi njaa ile.