Mtu wa Mwezi na Mtu wa Kutwa

Liko neno moja tunalolitumia kila siku bila kulitazama, nalo ni "kibarua". Asili yake ni barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili alipwe ujira wake. Kisha jina la cheti likawa jina la kazi, na mwisho likawa jina la mtu mwenyewe.

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kama Temeke, Keko na Kinondoni, mtu wa mwezi na mtu wa kutwa hukaa nyumba moja, ukuta kwa ukuta. Mmoja ana mkataba, na akiba yake huwekwa katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Wa pili huamka alfajiri kwenda kusimama penye lango la kiwanda, au hubeba zege, au huchukua abiria kwa pikipiki. Jumapili huketi benchi moja. Je, hao ni ndugu katika kazi, au ni majirani tu?

Kila mmoja ana neno lake juu ya mwenziwe. Wa mwezi husema: Huyu hana mpango, leo yupo, kesho hayupo. Wa kutwa husema: Yule ni mtumwa wa kengele, mimi sina bwana. Hiki ni kiburi kimoja kilichovaa nguo mbili. Lakini hatari zao si sawa: mtumwa wa kengele akiugua, mshahara wake waja, asiye na bwana akiugua siku tatu, chungu hakipandi mafigani.

Wazee wetu waliwahi kuijaribu njia nyingine. Mwezi wa Septemba 1947 wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam, ambao wengi wao walikuwa vibarua, waliacha kazi wakidai ujira zaidi. Watu wa reli na wengine wakafuata, na mgomo ukaenda na njia ya reli mpaka miji ya bara. Ujira ukaongezwa. Chama cha wachukuzi kikaandikishwa mwaka uleule. Lakini mwaka 1950, baada ya mgomo mwingine ulioingia ghasia, kikafutwa. Sisemi haya ili kusifu migomo. Juu ya jambo hilo Wakristo wamehitilafiana, wala silo ninalolitafuta. Bila shaka watu wa reli nao walikuwa na madai yao wenyewe. Hata hivyo nalitazama hili: mwenye kazi ya kudumu aliihatarisha kazi yake pamoja na mtu ambaye kazi yake ilikwisha kila jioni.

Sisi twadhani twatimiza wajibu huo kwa sadaka. Sadaka ni njema, lakini mpaji hubaki alipokuwa, na mpewa hubaki alipokuwa.

Jumuiya moja ya sala iliweka mfuko wa mazishi. Mchango ulitakiwa mwisho wa mwezi, wote kwa mara moja. Waliopanga walikuwa watu wa mwezi, wakapanga kwa kalenda yao, wala hawakuwa na nia mbaya. Watu wa kutwa walishindwa mwezi wa kwanza, na wa pili. Wa tatu wakaona haya, wakaacha hata kuja kusali. Majina yao yakapigwa mstari. Kisha mama mmoja, muuza vitumbua, akafiwa na mtoto. Daftari likafunguliwa, jina lake limepigwa mstari, hakupewa kitu. Mwenye kulishika daftari lile ni mimi.

Na kaburi lilichimbwa na nani? Na vijana wa pikipiki, ambao nao walikuwa wamefutwa. Ilikuwa Jumanne, sisi wa mwezi hatukupata ruhusa kazini.

Tangu siku ile nausoma kwa namna nyingine mfano wa wafanya kazi katika shamba la mizabibu. Zamani nilijihesabu pamoja na wale wa saa kumi na moja, waliopewa kwa neema. Sasa nawatazama wale wa alfajiri. Mwenye shamba alitoka mwenyewe mara nyingi kwenda sokoni. Hatusomi popote kwamba mmoja wao alimwambia, Bwana, wako wenzetu waliobaki kule. Jioni walipata dinari yao yote, haikupungua hata chembe. Kilichowauma ni kulinganishwa.

Siku hizi mchango hukusanywa kila Jumamosi jioni, kila mtu kwa alichopata, hata shilingi mia mbili. Tena aliyechimba kaburi au aliyekesha na wafiwa huandikwa kuwa amechanga. Wako wanaonung'unika kwamba siku moja ya jembe haiwezi kuhesabiwa sawa na fedha. Juma lililopita tulibishana juu yake mpaka usiku. Yule mama wa vitumbua hajarudi. Nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza tulizungumza mlangoni. Mara ya pili alinipa kiti.