Sala na Debe

Je, mtu anaweza kusali kila siku, tena kwa moyo kabisa, na bado akawa mwizi? Swali hili sikulipata darasani. Nililipata nyumbani Mwankoko, uani kwa mama mmoja mjane, nikiwa nimeshika debe.

Kwa msomaji asiyepajua, Mwankoko ni kata ya Manispaa ya Singida. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na zikikosea hesabu, mwaka umekwisha. Tunalima uwele, mtama na viazi vitamu kwa ajili ya tumbo, na alizeti kwa ajili ya hela. Alizeti ndiyo sare za shule, ndiyo dawa, ndiyo bati la nyumba. Kwa hiyo anayeshika debe wakati wa mavuno ameshika mambo mengi ya watu.

Mimi nimekulia katika nyumba ya sala. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walianza kazi pande hizi za Iramba na Singida miaka ya 1920, na kwetu imani tumeirithi kama tulivyorithi shamba. Baba aliacha Biblia ya ile tafsiri ya mwaka 1952, imefungwa kwa kitambaa. Kila jioni baada ya ugali, sura moja, kisha sala. Tuliwaombea wagonjwa, wasafiri, viongozi wa nchi na mvua. Nilijua kusali kabla sijajua kuhesabu.

Nilipomaliza shule na kazi isionekane, nikaingia kwenye biashara ya nafaka. Aliyenifundisha alinipa madebe mawili. La kwanza lilikuwa limegongwa kutoka ndani, kitako kikatokeza nje kama tumbo. Hilo ni la kununulia alizeti wakati wa mavuno. La pili liligongwa kutoka nje, kitako kikaingia ndani. Hilo ni la kuuzia mahindi miezi ya njaa. Akaniambia, "Shika haya mawili vizuri, hutalala njaa." Ni ndugu yake lumbesa, lile gunia linalovishwa kilemba mpaka debe 6 zinakuwa 7. Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982 inakataza mambo haya, lakini bwana, sheria iko mjini na debe liko uani.

Tazama basi: mama yule yule niliyempunja akiuza, nilimpunja tena akinunua.

Je, niliacha kusali? La hasha! Nilisali zaidi. Kila asubuhi nilimwomba Mungu abariki kazi yangu, na faida ikija nilitoa sadaka.

Jioni moja zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Tulikuwa tumefika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25. Nikasoma mbio mbio, habari za ng'ombe apuraye nafaka, habari za mjane na shemeji yake, mara nikafika pale Musa anapomkataza mtu kuweka nyumbani mwake vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Sauti ikanikwama. Sura ile nilikwisha kuisoma huko nyuma, ikanipita kama basi la watu wengine. Safari hii madebe yangu mawili yalikuwa nyuma ya mlango, hatua tatu kutoka nilipokaa. Mama akasubiri. Nikamaliza, tukasema amina, akaenda kulala bila neno.

Usiku ule nilitubu kweli. Nililia. Moyo ukawa mwepesi, nikalala usingizi mzuri. Na asubuhi nikachukua debe lile lile lenye tumbo, nikaenda kununua.

Hapo ndipo penye swali langu, ndugu msomaji. Usidhani nilikuwa jeuri. Niliona nimekwisha kusamehewa, kwamba hesabu imefutwa. Lakini ni nani aliyeifuta, na ni hesabu ya nani? Nilikuwa nimemwibia mama mjane, nikaenda kumwomba radhi Mwingine. Sala yangu ilikuwa imegeuka njia ya kuzungukia nyuma ya nyumba yake ili nisikutane naye.

Katika Mathayo sura ya 5 Yesu anamtaja mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake. Mtu huyo anaambiwa aiache sadaka pale pale, akapatane kwanza. Neno "kwanza" ndilo zito. Maana yake Mungu yuko radhi kungoja, ila jirani asingojeshwe. Na Zakayo wa Luka 19 hakuishia kusikitika, alitaja na hesabu ya kurudisha.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Ule Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa watu kuungama hadharani na kurudisha vitu walivyoiba. Wengi waliwacheka. Wengine walihofu, na si bure, kwamba kuungama nako kunaweza kugeuka maonyesho. Lakini mwenye mali aliyerudishiwa mali yake, je, naye alicheka?

Mtu atasema tunaokolewa kwa neema, hatumlipi Mungu. Kweli kabisa, na mimi Mlutheri nisipolijua hilo nani alijue? Lakini sikuwa na deni la mahindi kwa Mungu. Mwingine atasema wote wanafanya hivyo, ukiacha peke yako utafilisika, na wakulima watamwuzia aliye mbaya kuliko wewe. Hoja hii ilinisumbua zaidi, na mpaka leo sijaimaliza. Ninachojua ni kwamba katika sala hakuna "wote". Pale nimepiga magoti mimi, na debe ni langu.

Basi nilinunua debe zima, lisilogongwa, nikaenda kwa yule mama na gunia la mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona na gunia?"

Nikamweleza. Hakushangaa. "Madebe yenu tunayajua sisi," akasema. "Sasa ningesema, ningemwuzia nani?" Akalipima lile gunia lote kwa debe lake la maji, polepole, mimi nimesimama. Halafu akanikaribisha uji.

Sikutajirika baada ya hapo. Faida imepungua, na aliyenifundisha ananiita mlokole. Wapo niliowapunja nisiowakumbuka, na wapo waliokwisha kufa. Hao siwezi kuwapelekea gunia. Sasa jioni, baada ya sura, ndio ninaowaombea, na hapo ndipo ninapoomba msamaha nikijua ninachoomba. Bado nasali kila siku kama zamani. Ila kabla sijafumba macho najiuliza kama yupo mtu ninayepaswa kwenda kwake kwanza.

Na wewe, msomaji mwenzangu, nyuma ya mlango wako kuna nini?