Mwenye Kisanduku na Mwenye Fimuwea

Kuchambua chombo ili kujua kilivyoundwa, pasipo maelezo ya aliyekiunda, huzua swali la haki: mnunuzi amenunua nini hasa? Katika vijiji vya Mto Tana kama Ngao, swali hili limo ndani ya kisanduku cha sola. Kampuni ya M-KOPA ilianza kukopesha mitambo hiyo nchini Kenya mwaka 2012: mteja hutanguliza arbuni, kisha hulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa. Ndani mna laini ya simu na fimuwea, yaani programu iliyowekwa kwenye chipu. Malipo yakikoma taa hazitoi mwanga, ingawa paneli iko juu ya paa na jua la Garsen linawaka.

Fundi mwenye bisibisi, mita na kifaa cha kusomea chipu anaweza kuitoa fimuwea na kuona inavyoamua. Wapo wasemao kwamba kufungua kilichofungwa tayari ni wizi. Hoja hiyo haisimami, kwa kuwa kujua hakumpunguzii mtu mali yake. Kosa huanza pale mdaiwa anapoutumia ujuzi huo kukwepa deni alilolikubali mwenyewe. Hapo kinachovunjwa ni ahadi, na ahadi inamfunga Mpokomo Mkristo sawasawa na jirani yake Muorma Muislamu.

Kwamba kujua na kunyang'anya hutengana, kampuni ya kompyuta ya Compaq ya Marekani ilithibitisha mwaka 1982. Kundi moja la wahandisi lilisoma BIOS ya IBM, yaani fimuwea inayoiwasha kompyuta, na kueleza kazi zake tu. Kundi lingine, ambalo halikuiona kamwe, likaandika programu mpya kwa maelezo hayo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaruhusu kuchambua programu ili ipatane na nyingine, lakini inakataza kuvunja kinga za kiteknolojia. Anayebanwa katikati ni aliyemaliza deni. Tuseme mafuriko, kama yale ya mwishoni mwa 2023, yameharibu betri yake, na fimuwea inakataa betri nyingine. Huyu hana ahadi iliyobaki. Kumzuia kutengeneza ni kumuuzia kitu na kukishikilia.

Haki yake ina mpaka mmoja. Fimuwea hiyohiyo huzuia betri ya lithiamu isichajiwe kupita kiasi. Fundi akiondoa kufuli la malipo pamoja na kinga hiyo, nyumba ya makuti inaweza kushika moto watu wakiwa wamelala, nao hawakuulizwa.