Mizani Moja kwa Binti wa Makunduchi

Makunduchi inajulikana kwa Mwaka Kogwa. Kila Julai wanaume wa pande mbili za mji huo wa kusini mwa Unguja hupigana kwa vigogo vya migomba, huku wanawake, waliovaa nguo zao bora, wakiimba na kutupiana mafumbo mbele za watu. Katika pwani hiyohiyo, tangu kilimo cha mwani kilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1980, maji yakipwa wanawake huonekana wameinama baina ya vigingi, wakifunga mbegu kwenye kamba ili wapate fedha iliyo yao wenyewe. Mwanamke wa kusini hakuwahi kukosa sauti wala kazi. Alichokosa ni kiti panapoamuliwa mambo.

Samia Suluhu Hassan alizaliwa huko Januari 27, 1960, binti wa mwalimu. Alimaliza sekondari, akaanza kazi serikalini kama karani. Akaolewa mwaka 1978, akazaa, akalea, na bado akarudi darasani: Mzumbe, ambako alimaliza stashahada ya juu ya utawala mwaka 1986, na baadaye Manchester, Uingereza, kusomea uchumi. Wanawake wangapi wa Unguja walisikia, baada ya harusi, kwamba masomo sasa basi? Sehemu hii ya maisha yake husimuliwa kwa haraka mno, nayo ndiyo iliyozaa yote yaliyofuata.

Mwaka 2000 aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kwa viti maalum vya wanawake, Rais Amani Karume akamteua kuwa waziri. Kila anayefuatilia siasa za Zanzibar anajua maneno wanayotupiwa wanawake wa viti maalum: wamebebwa, hawana jimbo, hawana watu. Mwaka 2010 alirudi kwao Makunduchi kuomba ubunge wa jimbo, akashinda kwa zaidi ya asilimia 80. Viti maalum vilikuwa ngazi kwake, naye akapanda. Wengi huachwa kwenye kipandio cha kwanza muhula baada ya muhula, na vyama vyao vinaona hilo ni sawa tu.

Hakuwa peke yake. Amina Salum Ali, aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha wa Zanzibar, aliomba kuteuliwa na chama tawala, CCM, kugombea urais wa Zanzibar mwaka 2000, wakati wazo lenyewe liliwashangaza wengi. Hakupata. Mwaka 2015 alifika tatu bora katika mchujo wa CCM wa urais wa Muungano, pamoja na Asha-Rose Migiro na John Magufuli. Magufuli alishinda, akamchukua Samia kuwa mgombea mwenza. Walipochaguliwa, Tanzania ikapata Makamu wa Rais mwanamke wa kwanza.

Magufuli alipofariki Machi 2021, Samia aliapishwa kuwa Rais siku ya 19 ya mwezi huo. Wapo waliouliza waziwazi kama mwanamke ataiweza nchi. Swali hilo lilikuwa dhuluma, na kazi ya miaka ya mwanzo ililijibu: Novemba 2021 wanafunzi waliopata ujauzito walifunguliwa mlango wa kurudi shuleni, na Januari 2023 marufuku ya mikutano ya hadhara ya vyama ikaondolewa. Wasichana wengi watamkumbuka kwa lile la kwanza.

Kisha ukaja mwaka 2025. Tundu Lissu wa chama cha upinzani cha Chadema alikamatwa Aprili akashtakiwa kwa uhaini. Siku ya kura, Oktoba 29, maandamano yalizuka katika miji ya Bara, intaneti ikakatwa, watu wakauawa. Samia alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi huo haukufikia viwango vya kidemokrasia.

Hapo ndipo baadhi ya wanaompenda husema kwamba anasemwa kwa sababu ni mwanamke. Matusi ya kijinsia yapo, na ni aibu kwa wanaoyatoa. Lakini mama aliyempoteza mwanawe Oktoba haulizi jinsia ya aliyekuwa Ikulu. Anauliza mwanawe alikufa kwa kosa gani, na anastahili jibu. Kumpunguzia Samia hesabu kwa kuwa ni mwanamke ni dharau ileile ya mwaka 2021, imegeuzwa upande tu.

Wala yaliyotokea yasiwe kisingizio cha kuwafungia wengine njia. Tangu 1964 Zanzibar imekuwa na marais wanane, wote wanaume. Vyama visingoje msimu wa uchaguzi kukumbuka wanawake: viwasimamishe majimboni, Makunduchi na kwingineko, na wapiga kura wawapime kwa mizani ileile wanayowapimia wanaume.