Tabibu, Bunge na Vumbi la Mgodini

Huko Songwa, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, wajibu wa tabibu hauishii kitandani kwa mgonjwa. Aliyefanya kazi miaka mingi ndani ya duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, au kando ya karasha, mashine inayosaga mawe ya dhahabu, huweza kupata silikosisi, ugonjwa wa vumbi la mawe linalotia mapafu makovu na kumweka katika hatari ya kifua kikuu. Kifua kikuu hutibika, makovu hayaondoki; naye aliyepona hurudi kwenye vumbi lilelile, kwa kuwa ndiko chakula cha watoto wake kinakotoka. Je, tabibu akiingia siasa, amemtupa mgonjwa huyu au amemfuata hadi alikoumia?

Swali hilo lilikuwa ndiyo maisha ya Leader Stirling, daktari mpasuaji aliyezaliwa Uingereza mwaka 1906, akafika Tanganyika mwaka 1935 na UMCA, misheni ya Kianglikana, akatibu Lulindi karibu na Masasi, kisha, baada ya kuingia Kanisa Katoliki, Mnero na Kibosho. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, chama cha TANU kilimuunga mkono; akadumu bungeni hadi 1980, akiwa Waziri wa Afya tangu 1975. Alikitumikia chama ambacho, kwa Azimio la Arusha la 1967, kilimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi.

Kwa daktari wa misheni kama yeye, wito, kwa maana ya kidini, ni kuitwa na Mungu kumtumikia jirani, na jirani ana uso. Sera hukutana na watu wakiwa hesabu tu. Hatari ya kuusahau uso huo ni ya kweli, na ndiyo maana ni jambo kubwa kwamba Stirling, kwa miaka mingi ya ubunge wake, aliendelea kutibu. Hata hivyo hesabu nazo huokoa: mwaka 1977, yeye akiwa waziri, ulianzishwa mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, ambao njia zake za tiba ziliigwa baadaye duniani. Mpango huo humfikia mchimbaji akishaugua. Kulowesha mwamba kabla ya kuutoboa hupunguza vumbi, lakini katika Shinyanga yenye ukame maji hayo yana gharama, na hakuna cheti cha daktari kinachoweza kumlazimisha mwenye duara ayalipie.