Homa Ikishuka, Mtu Bado Hajapona

Mgonjwa wa homa hapati taabu ya kuaminiwa huku kwetu Kwale. Akitetemeka chini ya shuka, nyumba nzima humzunguka: huyu anamkanda, yule anapika uji, jirani analeta madafu. Hata haulizwi kama anataka, maana mgonjwa haulizwi uji. Homa ikishuka, wageni hupungua. Zikipita siku chache, watu huanza kunong'ona: mbona fulani bado amelala? Leo nataka kumsemea huyo fulani, aliyepimwa akaambiwa hana kitu, na ndoo ya maji bado inamshinda.

Nayasema haya kwa sababu yamenipata. Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ilipozuka Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuendelea 2018, nilikuwa nikivuka feri ya Likoni kwenda kazini, nikarudi nayo Ukunda. Homa haikukaa. Kilichokaa ni maumivu ya vifundo vya mikono na miguu, na uchovu usioondoka kwa usingizi. Kukamua nguo kulinishinda. Kufungua chupa ya chai nilimwita mtoto. Nikishuka matatu, sikufika nyumbani kabla ya kuomba nafasi kwenye baraza ya watu, nikakaa hadi miguu ikubali tena. Wenyeji wa baraza ile walinikaribisha kwa heshima, lakini machoni mwao niliona swali.

Swali hilo lina chanzo. Malaria imetuzoesha ugonjwa wa muda mfupi: unapimwa, unameza dozi ya siku tatu, wiki haijaisha uko shambani. Tukapima kila homa kwa kipimo hicho. Lakini virusi vina mwendo wao. Chikungunya ilielezwa na madaktari baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Mwaka 2004 iliingia Lamu, na uchunguzi wa damu ulioufuata mlipuko ule ulikadiria kuwa watu watatu kati ya wanne waliambukizwa. Ikavuka bahari hadi Komoro, kisha Réunion, ambako theluthi moja hivi ya wakazi waliugua. Watafiti waliowafuatilia watu wa Réunion waliwakuta wengi, miaka miwili baadaye, bado wanalalamikia viungo na uchovu. Korona nayo ikaja na yake. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya hali inayobaki baada ya korona, na uchovu ni miongoni mwa dalili zake kuu.

Kwa hiyo anayesema amechoka hatafuti kisingizio. Na huku kwetu, kuchoka ni kukosa chakula. Mkwezi hupanda mnazi kwa nguvu za viganja na nyayo, na hapo hapo ndipo chikungunya hukaa. Namjua mmoja aliyekuwa akifika chini ya mnazi, anaushika, anaubonyeza kwa vidole, halafu anageuka na kurudi. Wenzake wakasema amejaa woga. Mama anayeshona makuti anahitaji vidole. Anayelima mwani Kibuyuni hawezi kuiambia bahari ingoje, na kibarua wa hoteli za Diani asipofika leo, kesho nafasi ina mtu mwingine. Watu hawa hurudi kazini kabla ya mwili kuwa tayari, wanajilazimisha siku moja, wanaanguka siku kadhaa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Ninaloomba si geni kwetu. Mwanamke akijifungua tunampa arobaini yake. Anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa, hatumwi kisimani wala kuni. Hakuna anayemwita mvivu, ingawa hana homa wala kidonda cha kuonyesha. Wazee wetu walijua kwamba mwili uliopita katika shida kubwa unadai muda wake, na wakaufanya muda huo kuwa haki ya mzazi, wala si hisani ya kuombwa. Basi haki hiyo tuipanue, imfikie na aliyetoka kwenye homa.

Kumwamini mtu hakuzuii kumpeleka hospitali. Uchovu usioisha huenda ukawa ni upungufu wa damu, kisukari au kifua kikuu, na vyote hivyo vina vipimo. Wala tusikimbilie duka la dawa kununua diklofenaki au aspirini homa ingali kali, kwa kuwa ikiwa ni dengue, dawa hizo zaweza kuleta hatari ya kutokwa na damu. Mbu wa chikungunya na dengue ni mmoja, huuma mchana na hutaga kwenye maji tunayoyahifadhi wenyewe. Tufunike mapipa, tumwage maji ya matairi na vifuu.

Kisha tubadilishe namna ya kumjulia hali aliyeinuka kitandani. Tusimuulize tu kama amepona, kwa maana atajibu "alhamdulillahi" na kuumia kimya. Tumuulize ni kazi gani iliyomshinda leo, tuifanye. Mwajiri amrudishe kwa saa chache kabla ya kumpa zamu nzima. Mume achote maji bila kuambiwa. Nguvu za mtu zitarudi kwa wakati wake, lakini heshima yake akishavunjiwa na watu wake mwenyewe, hakuna dawa ya kuirudisha.