Fundi wa Mtandao na Siri za Waja

Fundi aliyeitwa ofisini kwa kuwa mtandao umekuwa mzito hana budi kuyatazama yapitayo ndani yake; naye akiisha kuifungua Wireshark, programu ambayo Gerald Combs aliitoa mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, huziona pakiti, yaani vipande vya data vipitavyo mtandaoni, zikifuatana mstari kwa mstari, ipi imetoka kompyuta gani, imekwenda wapi, na ipi imepotea njiani hata ikalazimu kutumwa tena. Aghalabu ila hupatikana upesi, pengine ni kompyuta mbili zinazogombea anwani moja. Lakini macho yale yale yaionayo ila huyaona na mengine ambayo wenyewe hawakuridhia yaonwe, na hapo huzuka mas'ala: je, huku ni kutunza amana, ama ni upelelezi ulioharimishwa katika aya ya 12 ya Sura ya Hujurat, penye kukatazwa dhana, kupelelezana na kusengenyana, yote kwa mfuatano?

Mafakihi walikwisha kulipima jambo hili kabla ya umeme. Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alimpa muhtasibu, msimamizi wa masoko na adabu za mji, mamlaka juu ya yaliyo dhahiri, akamzuia asiyachimbue yaliyositiriwa, ila penye habari ya kuaminika ya dhara isiyorekebishika, kama vile mtu kutaka kuuawa. Husimuliwa pia kuwa Khalifa Umar aliukwea ukuta akamkuta mtu katika maasi, na mtu yule akamjibu kuwa yeye ameasi mara moja, ilhali Khalifa ameasi mara tatu: amepeleleza, amepita pasipo mlango, na ameingia bila ya idhini. Umar akamwacha.

Ajabu ni kwamba tcpdump, chombo cha kazi hiyo hiyo kilicho kikongwe kuliko Wireshark, zamani kikiachiwa chenyewe kilichukua baiti 68 tu za mwanzo wa kila pakiti, kadiri ya kusoma anwani bila ya kuyafikia sana maneno yaliyomo, kama tarishi asomaye juu ya bahasha. Siku hizi huchukua pakiti nzima. Watungaji wake, nadhani, walijali wepesi wa mashine kuliko fikihi, lakini mpaka wao ulikaribiana na wa Mawardi.

Wako wasemao kuwa usimbaji umeyamaliza mas'ala haya, maana tovuti nyingi sasa hufunga mazungumzo yake. Hoja hiyo ni dhaifu. Kabla ya mazungumzo kufungwa, kompyuta huuliza jina la tovuti, na mara nyingi huuliza waziwazi. Basi mtumishi aliyeuliza jina la zahanati ya maradhi fulani, au la tovuti ya watafutao kazi, siri yake imekwisha kujulikana bila ya neno lake hata moja kusomwa. Dhahiri yenyewe imekuwa mfichuzi wa batini, na kwa hiyo mgawanyo wa Mawardi peke yake hautoshi. Lazima uongezewe ile kanuni ya mafakihi kwamba dharura hukadiriwa kwa kadiri yake.

Na kadiri hiyo huwekwa kabla ya kutazama, si baada yake, kwani lililokwisha kujulikana halirudi kuwa lisilojulikana. Wireshark ina machujio ya namna mbili: moja huzuia pakiti zisizohitajiwa zisikusanywe kabisa, na jingine huzificha tu kwenye kioo ilhali zimekwisha kuhifadhiwa. Mwenye kumcha Mungu hutumia lile la kwanza, akajifunga na kompyuta yenye ila, na kazi ikiisha akalifuta faili. Mwajiri atakaye zaidi ya hayo na aseme sababu yake kwa maandishi na kuwaarifu watumishi wake mapema. Akikataa, fundi naye ana haki ya kuikataa kazi hiyo.